SAMUEL AJAYI CROWTHER: MTOTO ALIYEUZWA, ASKOFU ALIYEZARAULIWA



Kuna ulizo moja linalorudi mara nyingi tunapotembelea wagonjwa na wenye matanga. Mtu aliyeteswa tangu utoto wake, je, anaweza kukomaa na kuwa mtu mzima mwenye roho tulivu? Siku hizi tuna watoto wengi katika makanisa yetu waliopoteza wazazi katika vita, waliokimbia mbele ya bunduki, walioona kwa macho yao mambo yasiyofaa kuonwa na mtoto. Wale wanaowalea wanaogopa. Wanasema samaki hukunjwa angali mbichi, na watoto hawa wamekwisha kukunjwa vibaya. Upande mwingine tuna wazee wetu waliotumika miaka mingi, na leo wanazarauliwa na vijana wale wale waliowafundisha kusoma. Wao nao wanajiuliza kama kazi yao yote ilikuwa ya bure.

Tumeona si vema kujibu kwa maneno matupu. Tumechagua kueleza maisha ya mtu mmoja wa Afrika, aliyekufa zamani, ambaye alipita katika taabu hizo zote mbili: mateso ya utoto na zarau ya uzee. Jina lake ni Samuel Ajayi Crowther. Tutamfuata katika vipindi vinne vya maisha yake, kisha tutaangalia fundisho tunaloweza kupata.

I. UTOTO: KUPOTEZA VYOTE

Ajayi alizaliwa karibu mwaka wa 1809 katika mji wa Osogun, inchi ya Wayoruba, ambayo leo iko upande wa kusini-magharibi wa Nigeria. Mama yake aliitwa Afala. Wakati ule ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unavunjika, na vita vilikuwa vinatembea toka mji hata mji. Vita vile vilikuwa na faida kwa wauzaji wa watu, maana kule pwani merikebu za Wazungu zilikuwa zinangoja, na kila mtu aliyekamatwa alikuwa na bei yake.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1821, wakati wamama walipokuwa wanatengeneza chakula, habari ikaenea kwamba adui wamefika. Mji wa Osogun ulikuwa na boma, lakini watu wa kulilinda hawakutosha. Baba yake Ajayi akaja mbio nyumbani, akaambia watu wake wakimbie, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Mama akakimbia porini pamoja naye na wadada wake wawili, mmoja akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hawakufika mbali. Wakatupiwa kamba shingoni, wakafungwa pamoja kama mbuzi wanaopelekwa sokoni. Nyuma yao mji ulikuwa unawaka moto.

Walipofika mji wa Isehin, waligawanywa. Mama na mtoto mdogo walikwenda kwa mtu mmoja, Ajayi na dada yake kwa mwingine. Kisha Ajayi alibadilishwa na farasi. Yeye mwenyewe alieleza nyuma ya miaka mingi kwamba ndani ya siku moja alikuwa mali ya watu watatu mbalimbali. Tena yule aliyepokea farasi hakumpenda, akamrudisha, na mtoto akarudishwa vilevile, kama mzigo usiofaa.

Katika mji mwingine alipata furaha kidogo, maana alikutana na mama yake. Walikaa karibu miezi mitatu wakiweza kuonana. Kisha jioni moja gafula akafungwa na kupelekwa mbali, bila kuagana na mama. Toka siku ile aliuzwa tena na tena, mara kwa tumbako, mara kwa pombe kali ya Wazungu. Alisikia kwamba mwisho wa njia ni kuuzwa kwa watu wa Ureno, na aliyechukuliwa nao harudi. Akavunjika roho kabisa. Mara kadhaa usiku alijaribu kujiua, lakini hakuwa na nguvu ya kumaliza jambo lile. Wandugu, tusipite haraka hapa. Yule ambaye leo tunaita askofu, alipokuwa na umri wa miaka 12 au 13, hakuona sababu ya kuishi hata siku moja zaidi.

Ili kufika Lagos ilifaa kuvuka maji mengi. Ajayi hakuwa ameona maji makubwa namna ile, akaogopa kuingia mtumbwini. Watu wakambeba, wakamweka katikati ya magunia ya mahindi, wakampa chakula. Alikaa vilevile alivyowekwa, chakula mkononi, akili zimepotea, mpaka walipofika karibu na mapambazuko. Kule pwani akaona Mzungu kwa mara ya kwanza, akafungwa mnyororo shingoni pamoja na watu wazima. Watu wazima wakikasirika walivuta mnyororo kwa nguvu, na watoto ndio walioumia zaidi.

Katika mwezi wa nne wa 1822 walipakizwa katika merikebu ya Ureno, watumwa 187 pamoja. Lakini tarehe 7 ya mwezi ule, merikebu za vita za Uingereza, zilizokuwa zikiwinda wauzaji wa watu, zikaikamata. Ajayi akapandishwa katika merikebu iliyoitwa Myrmidon. Mnafikiri alifurahi? Hapana. Aliona nyama ya nguruwe imetundikwa, akaona na risasi kubwa za mizinga, za mviringo, zimepangwa. Yeye na wenzake wakaamini kwamba ile ni nyama ya watu waliokuja nao, na yale ni vichwa vyao. Hata wokovu ulipokuja, mtoto aliuona kama kifo kipya. Ndivyo alivyo mtoto aliyeteswa: hata mkono unaomsaidia anauogopa.

II. UJANA: KUPOKEWA NA KUFUNDISHWA

Tarehe 17 ya mwezi wa sita, mwaka wa 1822, Ajayi alishushwa Freetown, katika inchi ya Sierra Leone. Kule Waingereza waliwashusha watu waliookolewa toka merikebu za watumwa. Walikuwa watu wa makabila mengi. Hata watu wa pande zetu za Kongo walishushwa pale, na mtaa mmoja wa Freetown ungali unaitwa Congo Town.

Ajayi alipelekwa katika kijiji cha Bathurst. Hakuwa na baba, wala mama, wala luga ya kusema na walimu wake. Lakini alipokewa. Bwana Weeks, wa chama cha misioni cha Anglikana kinachoitwa CMS, alimfundisha useremala. Mke wake, Mama Weeks, alimfundisha kusoma. Kijana alishika kitabu kama mtu mwenye kiu anavyoshika kikombe. Ndani ya miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya.

Tarehe 11 ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa 1825, alibatizwa. Akapewa jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la mchungaji mmoja wa London, rafiki wa misioni ile. Wengi kati yetu tunaweza kuhuzunika kuona Mwafrika anavishwa jina la Mzungu. Lakini jina Ajayi halikufutika. Aliendelea kulitumia, na mpaka leo tunamjua kwa majina yote mawili.

Mwaka wa 1826 alipelekwa Uingereza kusoma kwa muda mfupi. Mwaka wa 1827 alirudi, akawa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay, ambacho nyuma yake kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha namna ya Ulaya katika Afrika ya magharibi. Akawa mwalimu. Akaoa binti aliyeitwa Asano, ambaye naye alikuwa ameokolewa toka merikebu ya watumwa, na ambaye alipobatizwa aliitwa Susan. Naye pia alikuwa mwalimu. Wakajenga nyumba yenye amani, wakazaa watoto.

Mwaka wa 1837 Crowther aliandika kwa mara ya kwanza habari ya kukamatwa kwake, kwa barua. Katika barua ile aliita siku ya kuharibiwa kwa Osogun siku ya huzuni, lakini akasema pia kwamba amejifunza kuiita siku ya baraka. Si kwamba alisahau. Aliandika habari ya kamba, ya moto, ya mama anayelia, bila kuficha kitu. Lakini sasa alikuwa na miaka karibu 28, alikuwa na kazi, na mke, na imani. Kutoka pale aliposimama aliweza kugeuka na kutazama nyuma. Mtoto hawezi kufanya hivyo. Mtoto anaumia tu. Kupata maana ya maumivu ni kazi ya ujana na ya utu uzima, na inaomba muda na watu wema wa kando.

III. UTU UZIMA: KAZI, MAMA NA HESHIMA

Mwaka wa 1841 Waingereza walituma merikebu tatu za moshi katika mto Niger. Walitaka kufanya mapatano na wafalme juu ya kuacha biashara ya watumwa. Crowther alichukuliwa kama mkalimani na mtu wa misioni. Safari ile ilikuwa na msiba mkubwa, maana homa iliua Wazungu karibu 40 kwa muda mfupi. Wakuu wa misioni wakaona jambo ambalo wengine hawakutaka kuliona: Habari Njema haiwezi kuenea Afrika kwa mikono ya Wazungu peke yao. Crowther akaitwa Uingereza, na mwaka wa 1843 akawekewa mikono, kwanza kuwa shemasi, kisha kuwa padri wa Anglikana. Mwaka ule ule alitoa kitabu cha sarufi na maneno ya luga ya Kiyoruba. Aliporudi Freetown, mwanzoni mwa mwaka wa 1844, aliongoza ibada kwa Kiyoruba. Wenyeji wa luga ile, waliouzwa kama yeye, walikuja kwa wingi kusikia neno la Mungu katika luga ya mama zao.

Kisha akarudi inchi yake ya kuzaliwa. Mwaka wa 1846, katika mwezi wa nane, alifika Abeokuta, mji uliojengwa na watu waliokimbia vita. Majuma machache nyuma ya kufika kwake, mwanamke mzee akaletwa kwake. Alikuwa Afala, mama yake. Miaka 25 ilikuwa imepita. Mama alikuwa ameuzwa naye, akakombolewa, akateswa tena, na hakuwa na tumaini la kumwona mtoto wake. Walishikana mikono, wakatazamana, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema neno. Mama alikuwa anatetemeka.

Afala alikaa na mwana wake. Mwaka wa 1848 alibatizwa, akapewa jina la Hana. Ninyi mnaosoma Maandiko mnajua kwa nini: Hana ndiye mama wa Samweli. Aliishi mpaka mwaka wa 1883, akiwa mzee sana, akaona mwana wake akiwa askofu.

Kazi kubwa ya Crowther ilikuwa kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Hakuandika kwa haraka. Alikaa na wazee, akasikiliza mezali zao na maneno ya zamani, akapima kila neno mbele ya kuliandika. Kazi ile ilianza katika miaka ya 1840 na Biblia nzima ilimalizika katika miaka ya 1880. Alisaidiwa na wengine, lakini mkono wake ndio ulioongoza. Wataalamu wanasema Kiyoruba kinachoandikwa leo kilipata njia yake katika Biblia ile.

Mwaka wa 1851 alikuwa Uingereza na kupokewa na malkia Victoria katika jumba la Windsor, ambako alitamka sala ya Bwana kwa Kiyoruba. Mwaka wa 1854 alipanda tena mto Niger katika merikebu ya daktari Baikie. Safari hii walikunywa kinini kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa homa. Toka 1857 alianzisha misioni katika miji ya mto ule, kama Onitsha, na watumishi wake wote walikuwa Waafrika. Yule mtoto aliyeogopa kuingia mtumbwini, sasa mto ulikuwa njia yake ya kila mwaka.

Mwaka wa 1864 mzee Henry Venn, mwandishi mkuu wa CMS, alimwomba akubali kuwa askofu. Crowther alikataa kwanza, akijiona hafai. Venn alimbembeleza mpaka akakubali. Tarehe 29 ya mwezi wa sita akawekwa kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana kupata cheo kile. Katika umati ule walikuwapo watu wawili wazee. Mmoja alikuwa Henry Leeke, kapiteni wa ile Myrmidon. Wa pili alikuwa Mama Weeks, aliyemfundisha herufi za kwanza. Chuo kikuu cha Oxford nacho kilimpa heshima ya udaktari wa teolojia.

Lakini tusifikiri kwamba heshima haina taabu. Wamisionari wengine Wazungu katika inchi ya Wayoruba walikuwa wameandika tangu 1851 kwamba hawatakubali kutawaliwa na askofu Mwafrika. Kwa hiyo Crowther hakupewa Abeokuta wala Lagos, ambako walijua luga yake. Alipewa mto Niger na inchi zilizo nje ya utawala wa malkia, kati ya watu ambao luga zao zilimlazimisha kutafuta wakalimani. Mwaka wa 1867 mkubwa mmoja wa kando ya mto, jina lake Abokko, alimkamata pamoja na mwana wake Dandeson na kuomba mali ili awaachilie. Konsuli Fell wa Uingereza alikuja kuwaokoa, wakaokoka, lakini yeye alipigwa mshale wa sumu, akafa. Hivyo Crowther, akiwa na umri wa karibu miaka 58, alionja utumwa mara ya pili. Mwaka uliofuata aliendelea na kazi.

Jambo moja lilishangaza wengi. Mji wake uliharibiwa na askari wengi wao Waislamu. Angeweza kuwachukia siku zote. Lakini alipokuwa askofu aliketi na wafalme Waislamu wa Nupe na Ilorin kwa heshima, akajibu maulizo yao kwa upole, akisoma Maandiko tu bila kubishana wala kutukana. Walimpokea na kumruhusu kupita. Kumbe mtoto aliyejifunza kutazama uso wa bwana wake na kungoja, akawa mtu mzima anayejua kusikiliza.

IV. UZEE: ZARAU

Sasa tunafika pahali pagumu. Venn alikufa mwaka wa 1873. Mke wake Susan alikufa mwaka wa 1880. Miaka ile ile biashara ya Wazungu ilikuwa inakuwa kubwa katika mto Niger, na roho ya Ulaya ilikuwa imebadilika. Wakubwa wa zamani walikuwa wanaona Mwafrika kama ndugu anayejifunza. Wapya walimwona kama mtu wa kuongozwa siku zote.

Ni lazima tuseme kweli. Katika misioni ya Niger palikuwa na makosa. Watumishi wengine wa Crowther walianguka katika zambi, wengine walifanya biashara kupita kazi ya Mungu. Askofu alikuwa mpole mno. Inchi yake ilikuwa kubwa, merikebu ya kumsafirisha haikuwa yake kila wakati, na mtu akilia mbele yake na kuomba msamaha, aliona vigumu kumfukuza. Yeye aliyebadilishwa na farasi na kurudishwa hakupenda kurudisha mtu. Upole ule ule uliompa mlango kwa wafalme, ulimpa pia uzaifu kwa watumishi wake.

Ndipo wakaja vijana wa misioni toka Uingereza, wenye bidii na wenye elimu, wengine hawajafika miaka 30. Waliona mabaya tu. Katika mwezi wa nane wa 1890, kule Onitsha, kamati iliketi. Vijana wale waliwashitaki watumishi Waafrika mmoja mmoja, na wengine wakasimamishwa kazi mbele ya macho ya askofu, bila kungoja neno lake. Hata mwana wake, Dandeson, ambaye alikuwa arkidiakoni, alisimamishwa. Askofu alikuwa na miaka kupita 80. Alitetemeka kwa uchungu, akaomba jina lake liondolewe katika kamati. Hakutukana mtu. Hakuvunja kanisa. Alitoka tu.

Mwaka wa 1891 alipigwa na ugonjwa wa kupooza. Alikuwa anafanya mipango ili makanisa ya pwani ya Niger yajitegemee kwa mali yao. Tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, 1891, siku ya mwisho ya mwaka, alikufa Lagos.

Wale waliomzarau walishinda? Kwa muda, ndiyo. Askofu aliyemfuata alikuwa Mzungu, na Waafrika wawili waliwekwa kuwa wasaidizi. Miaka kupita 50 ilipita mbele ya Mwafrika mwingine kupewa jimbo lake mwenyewe katika inchi ile. Lakini mambo mengine yalizaliwa katika uchungu ule. Mwaka huo huo wa 1891, Wakristo wa Lagos walianzisha kanisa lao lenye kuongozwa na Waafrika. Mwaka wa 1892 makanisa ya pwani ya Niger, chini ya Dandeson, yalianza kujitegemea. Sisi tulio katika kanisa lililoanzishwa na Mwafrika, tunajua njia ile. Na mjukuu wake, Herbert Macaulay, akawa mmoja wa watu wa kwanza waliodai haki za Nigeria mbele ya wakoloni.

Tarehe 29 ya mwezi wa sita, mwaka wa 2014, nyuma ya miaka 150 kamili toka siku alipowekwa kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Canterbury aliongoza ibada katika kanisa kuu lile lile, kumshukuru Mungu kwa ajili ya Crowther na kutubu kwa namna alivyotendewa.

V. MAFUNDISHO KWETU

1. Mateso peke yake hayajengi mtu. Tusikie watu wanaosema kwamba taabu inafundisha. Taabu ilimfundisha Ajayi kutaka kufa. Kilichomjenga ni watu waliompokea nyuma ya taabu: kapiteni aliyefungua mnyororo, mama aliyemfundisha herufi, mwalimu aliyempa randa na msumeno. Wewe unayelea yatima wa vita, usiseme ameharibika. Mpe mambo matatu aliyopewa Ajayi: kitabu, kazi ya mkono, na watu wa kumwita kwa jina. Akiogopa mkono wako mwanzoni, usikasirike. Kumbuka nyama ya nguruwe na risasi za mizinga.

2. Kidonda kinaweza kuzaa mambo mawili. Upole wa Crowther ulitoka katika utoto wake, na ulikuwa nguvu yake, tena ulikuwa uzaifu wake. Kila mmoja wetu ajichunguze. Aliyelelewa kwa njaa anaweza kuwa mkarimu, anaweza pia kuwa mchoyo wa mali ya kanisa. Aliyepigwa anaweza kuwa mpole, anaweza pia kuogopa kusema kweli mahali inapofaa. Nasi mashemasi tunaoshika hesabu na kuangalia mwenendo wa watu, tujue kwamba kusamehe ni vema, lakini kufunga macho si kusamehe.

3. Heshima nayo ni jaribu. Crowther alipewa cheo, lakini alifungiwa mlango wa kwao. Hakukataa kazi kwa sababu haikuwa ile aliyoitamani. Aliingia katika mtumbwi akaenda.

4. Kwa vijana. Wale waliomshitaki mzee walikuwa na bidii ya kweli, na makosa mengine waliyoyaona yalikuwa ya kweli. Lakini walikuja kama watu wasio na deni. Walisahau kwamba barabara waliyopitia ilifunguliwa na mzee yule. Wawili kati ya wakubwa wao walikufa kwa ugonjwa mbele ya kumalizika kwa miaka miwili. Hatusemi ni azabu, maana homa haichagui mtu. Tunasema tu kwamba hawakupata nafasi ya kuzeeka na kujua uzee ni nini. Kijana, ukiona kosa la mzee wako, mwendee usiku kama mtoto anavyomwendea baba yake. Usimvue nguo katika kamati.

5. Kwa wazee. Mzee wangu uliyesimamishwa, uliyesahauliwa, ambaye kiti chako kimepewa mwingine: Crowther alikufa akiwa ameshindwa kwa macho ya watu, na Biblia yake ikaendelea kusomwa kila asubuhi katika nyumba ambazo hazikujua habari ya kamati ya Onitsha. Usipime kazi yako kwa siku yako ya mwisho.

Wandugu wapenzi, utoto una taabu yake, ujana una taabu yake, utu uzima na uzee vilevile. Hakuna kipindi kinachomaliza mtihani. Hata mtu aliyekwisha kushinda mtihani wa kwanza anaweza kulia katika mtihani wa mwisho, na hiyo si haya. Mama Hana alitetemeka alipomwona mwana wake, na mwana mwenyewe alitetemeka katika uzee wake. Kati ya kutetemeka kule kuwili palipita miaka 44 ya kazi.

Juma hili, tunawaomba kila nyumba ifanye mambo mawili. Tafuteni mtoto mmoja aliyepoteza wazazi, mumfundishe herufi moja au kazi moja. Tena tafuteni mzee mmoja aliyewekwa kando, mketi naye, mumwulize habari ya kazi aliyofanya, na mumsikilize mpaka mwisho.

Bwana awape nguvu ninyi wote. Amina.